Nilipeleka cherehani ya marehemu mama Kariakoo, haya ndo niliyokutana nayo

Mnisamehe ni ndefu kidogo, ila nilipokuwa natafuta fundi wa cherehani ya zamani sikupata mtu hata mmoja aliyeandika kitu cha maana, kila ukiuliza unaambiwa "nenda Kariakoo", sasa Kariakoo ni kubwa na mafundi ni wengi na si kila fundi unaweza kumwachia kitu ambacho akikiharibu hakuna hela ya kukirudisha. Kwa hiyo nasema yote, bei, muda, kilichonifurahisha na kilichonikera, ili mwenye cherehani ya mama yake au bibi yake imekaa stoo inapigwa vumbi ajue pa kuanzia.

Cherehani yenyewe ni Singer nyeusi ya miguu, ile yenye maua ya dhahabu kichwani na stendi ya chuma. Mama aliinunua Tanga mwaka 1978 ikiwa tayari imeshatumika, kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga duka, na hakuilipa mara moja, kila wiki anapeleka hela ya maandazi mpaka deni likaisha. Nilikuja kusoma baadaye kwamba huo mtindo wa kulipa kidogo kidogo Singer wenyewe ndo waliuanza huko Marekani tangu 1856, maana watu wa kawaida walikuwa hawaimudu kwa mkupuo. Mama hakuyajua hayo, yeye alichojua ni kwamba Mhindi kamwamini na yeye hatamwangusha.

Wenye umri wangu mnakumbuka ile miaka ya themanini mwanzoni, vitu viliadimika, sabuni foleni, kitambaa foleni na mara nyingi unafika mbele kimeisha. Nyumbani kwetu hatukununua shati jipya la baba kwa miaka. Kola ikilika upande wa nje mama anaifumua yote polepole kwa wembe, anaigeuza wa ndani uwe nje, anaishona upya, shati linaanza maisha ya pili. Sare zetu za shule zilitokana na sare za dada, na za dada zilitokana na sketi ya shangazi. Yote hayo yalipita chini ya sindano ya ile cherehani, na usiku sisi tukilala yeye anashona kwa koroboi, kwa hiyo mimi nimekua nikisikia ule mlio kabla ya usingizi kuliko nilivyosikia hadithi.

Na mlio wake si kama wa cherehani nyingine. Cherehani ya miguu ina milio mitatu minne inayochanganyika, mkanda, gurudumu, sindano, na yetu ilikuwa na wa ziada, kila kanyagio likishuka inagonga, "tak", kidogo tu, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Trrr tak trrr tak. Shikeni hiyo, nitairudia.

Tulihamia Dar, tukakaa Kigogo bondeni. Desemba 2011 mnaikumbuka, mvua ile ambayo Bonde la Msimbazi lote liligeuka bahari na watu walikufa. Mimi nilikuwa nimeshaolewa niko Tabata, kwa hiyo sikuwepo, ila majirani ndo walionisimulia. Maji yalipoanza kuingia ndani watu wanabeba watoto, wanabeba magodoro, wanabeba tivii, mama yeye amepiga magoti kwenye maji na bisibisi anafungua kichwa cha cherehani kwenye meza. Vijana wanamwambia mama toka, hasikii. Alikitoa, akakitwika kichwani, kile chuma chote kizito, akapanda nacho mpaka barabarani. Vyeti vyetu vya kuzaliwa vilikwenda na maji, picha za harusi yake zilikwenda na maji. Stendi na meza tulivikuta siku ya tatu vimejaa tope, na kwenye droo pakabaki mstari, chini rangi ya matope, juu rangi ya mbao, maji yalipofika. Mama alipopata kiwanja Mabwepande walikopelekwa waathirika, kitu cha kwanza kuwekwa kwenye kile chumba kabla hata hakijapigwa lipu ni hiyo cherehani.

Niliwahi kumlaumu kwa hilo, nilimwambia mama ungekufa kwa ajili ya chuma. Hakunijibu.

Alifariki 2023. Tulipomaliza arobaini tukakaa kugawana vitu vyake kama ilivyo kawaida, kanga zikaenda kwa mashangazi na majirani waliomuuguza, vyombo kwa dada, kiwanja tukakubaliana kibaki cha wote bila hata kelele. Tulipofika kwenye cherehani tukagombana. Watu wazima, wenye watoto sekondari, tumenuniana wiki tatu kwa cherehani ambayo hata haikuwa inashona. Kaka anasema iuzwe hela tuweke kwenye kaburi, dada anasema iende Tanga kwa sababu ilitoka Tanga, mimi nasema naitaka tu, sina sababu ya kuwaambia, naitaka. Mwisho shangazi mkubwa ndo aliamua ije kwangu, kwa sharti moja, isikae bure, ishone.

Ikakaa bure mwaka na nusu. Niliifunika kitenge, nikawa napita pembeni yake.

Sasa ndo nije kwenye mafundi. Wa kwanza alikuwa wa mtaani kwetu, simtaji na wala sitasema ni kona gani, ila nataka mjue alichofanya ili kisiwapate. Nilimwita aje aangalie kwa nini sindano imegoma kushuka, akasema aiache kwake siku mbili. Niliporudi nikakuta stendi yote kaipiga rangi ya silva. Ile chuma nyeusi ambayo nilikuwa nakaa chini yake nikiwa mtoto nikicheza na gurudumu, imekuwa silva kama geti. Droo ya kushoto ameipiga msasa na vanishi, inang'aa, mstari wa maji hakuna. Alikuwa ameshika msasa anataka kuanza ya kulia. Na yeye anatabasamu jamani, anasubiri nimsifu, anasema "mama nimekufanyia ya bure hii, imekuwa mpya". Nilishindwa kumgombeza kwa sababu kwa akili yake alinitendea wema, nikalia tu pale mbele za watu nikaondoka na vitu vyangu. Nimefika nyumbani ndo nagundua kile kikopo cha chuma kinachobeba bobini, yani kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, wenyewe wanaita bobini kesi, sio chenyewe, kabadilisha kaweka chepesi cha bati. Hilo sasa sio wema. Nilimfuata mara mbili, cha zamani hakikuonekana tena.

Kwa hiyo mwenye kitu cha namna hii, kabla hujakikabidhi piga picha kila upande, fungua droo piga picha, kinyanyue kichwa piga picha chini, na umwambie fundi kwa mdomo wako kabisa nini hutaki kiguswe. Fundi hawezi kujua kwamba uchafu fulani kwako sio uchafu.

Wa pili ndo huyu ninayeandika habari zake. Nilielekezwa na dada mmoja anayeshona magauni pale Kariakoo. Ni ndani ndani, si mbali na Mtaa wa Congo, kwenye kibaraza, hana kibao wala jina la duka, ukifika ulizia mzee wa cherehani za zamani watakuonyesha. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, ana kijana mmoja anayemfundisha kazi, na pembeni yake kuna vichwa vya cherehani vimepangwa ukutani kama mabuyu, vingi Butterfly, Singer chache. Nilimwamkia, akaitika, akanipa stuli, hakuangalia cherehani kwanza. Akaniuliza ilikuwa ya nani.

Nikamwambia. Ndo akaifunua, akapitisha kidole mbele ya kichwa pale ambapo maua ya dhahabu yamefutika, maana kwenye ile Singer yetu kuna sehemu ya upana wa kiganja haina dhahabu kabisa, ni nyeusi ya kung'aa, laini kama kokoto ya mtoni. Mama alikuwa akishona anaweka mkono wa kulia hapo. Miaka arobaini na ushee ya kiganja kimoja. Yule mzee akaweka mkono wake pale pale, akasema "alikuwa na mkono mdogo". Ni kweli, mama alikuwa na mikono midogo.

Halafu akaniambia hivi, na hii ndo sababu kubwa naandika haya: "Mwanangu nakuuliza kabla sijashika bisibisi. Unataka cherehani ya kufanyia kazi, au unataka cherehani ya mama yako? Maana hizo ni kazi mbili." Nikamwambia mzee nataka zote mbili. Akatoa kipande cha chaki, ile ya kuchorea kitambaa, akanipa. "Basi nichoree nisivyotakiwa kugusa."

Yani nilikaa na ile chaki nikawa kama mtoto wa chekechea ubaoni. Nikachora msalaba pale palipofutika dhahabu. Nikachora kwenye droo ya kulia yenye mstari wa maji. Nikachora ukingoni mwa meza ambapo mama alibandika kipande cha futi ya kupimia, namba zenyewe zimeshafutika unaona 14 na 15 tu. Nikafikia alama ya pasi ya mkaa, ile pembetatu nyeusi iliyoungua kwenye mbao, nikasita, mzee akaniambia "kama unasita chora". Nikachora.

Sasa kuhusu ufundi wenyewe, kwa wanaotaka kujua. Akainamisha kichwa akaniangalizia namba iliyogongwa pale chini, inaanza na herufi mbili na ya kwanza ni E, akasema hizo za E ni za Uskoti. Nilikwenda kutafuta na ni kweli, Singer walikuwa na kiwanda kikubwa Clydebank, sehemu inaitwa Kilbowie, kilifunguliwa 1885 kikafungwa 1980, na ukiona modeli ina herufi K, mfano 15K, hiyo K ni Kilbowie. Kiwanda hakipo tena ila kituo cha treni pale mpaka leo kinaitwa Singer. Hiyo ilinigusa, sijui kwa nini, kufikiria kuna watu huko Uskoti nao baba zao na mama zao walichoka kwa cherehani hiyo hiyo upande wa pili, upande wa kuitengeneza.

Tatizo la kugoma lilikuwa mafuta. Mzee alichokonoa kwa sindano kwenye tundu la mafuta ikatoka kitu cha kahawia kama gundi, akacheka akasema "hapa aliweka mafuta ya kula". Nikakumbuka kabisa, miaka ile ya uhaba mafuta ya cherehani hayakuwepo, mama alikuwa anatia ya kupikia tone tone kwa manyoya ya kuku. Yakikaa yanaganda. Alichofanya alifungua yote, akaloweka vyuma kwenye mafuta ya taa usiku kucha, akasugua kwa mswaki, akafuta, ndo akatia mafuta yenyewe ya cherehani, yale meupe mepesi. Akasisitiza msitie mafuta ya pikipiki, wala ya kula, wala ya kupaka mwilini. Baada ya hapo akarekebisha taimingi, yani sindano iendane kwa wakati na sehemu ya bobini, kwa sababu ilikuwa inaruka mishono, akatafuta bobini kesi ya chuma kizito iliyotumika badala ya kile cha bati, akaweka mkanda mpya wa ngozi. Meno ya kuvutia kitambaa akasema bado mazima, yana maisha kuliko mimi.

Alipomaliza kufungua akanipigia nije nione kitu. Nikadhani kaharibu, moyo ulinipasuka njiani. Kumbe alipotoa bobini ya zamani kaikuta ina uzi, uzi wa bluu ile ya sketi za sare, umebaki kama robo. Hakuutumia kujaribia, wala hakuuvuta. Kaiviringisha bobini nzima kwenye kipande cha gazeti, kaandika juu yake kwa kalamu "ya mama", kaweka mfukoni mwa shati lake siku zote hizo ili kijana asije akaichanganya na nyingine. Nimeiweka mpaka leo na lile gazeti. Ni kazi ya mwisho aliyoshona, sare ya mtoto fulani wa Mabwepande ambaye simjui.

Halafu akapindua meza juu chini. Kule chini kwenye mbao kuna herufi tatu za jina la kaka yangu, amezichonga kwa msumari, na mwaka, 1983. Sisi wengine hatukuwahi kujua. Nikampigia picha nikamtumia kaka, yule yule aliyetaka iuzwe. Alikaa kimya mpaka usiku, saa nne akanipigia, akaniuliza fundi anachukua bei gani, akatuma nusu. Habari ya kuuza hajaigusa tena.

Siku hiyo hiyo ndo akaja jamaa mmoja pale kibarazani, kavaa vizuri, ana simu mbili, akaangalia kichwa cha cherehani yangu akauliza "hii inauzwa?" Nikasema hapana. Akasema laki mbili. Nikasema haiuzwi. Laki nne. Butterfly mpya ya miguu nilizoulizia mimi hazifiki hapo, kwa hiyo nikashangaa, mzee ndo akamfukuza kwa ukali ambao sikuutegemea. Akanieleza, kuna watu bado wanaamini Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani ya sindano, ya thamani kubwa. Uvumi huo uliwahi kushika Saudi Arabia mwaka 2009 mpaka watu wakawa wanauziana hizi cherehani kwa makumi ya maelfu ya riyali, wengine wanakwenda kuzigusisha simu eti kuona kama mtandao unakata. Hakuna zebaki humo. Sindano ni chuma, inauzwa pakiti kwa hela ndogo kila duka la vifaa vya ushonaji. Anayekuja kwako na bei ya ajabu ya cherehani ya bibi yako mara nyingi anakupeleka kwenye utapeli, utaombwa "hela ya kupima" kwanza, kwa hiyo muwe macho, hasa wazee wetu walioko mikoani.

Ila hiyo laki nne ilinikaa kichwani. Sio kwamba nilitamani kuuza, nilijiuliza angetaja ngapi ndo ningesita. Milioni? Sikusita. Mpwa wangu anasoma uchumi pale Mlimani, nilipomsimulia akaniambia mama mdogo hilo limeshapimwa, mwaka 1990 Kahneman, Knetsch na Thaler waliandika majaribio yao na wanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell huko Marekani, nusu ya darasa wanagawiwa vikombe vya kawaida tu, halafu wenye vikombe wanaulizwa utauza bei gani na wasionavyo wanaulizwa utanunua bei gani. Wenye vikombe walitaka zaidi ya mara mbili ya kile ambacho wenzao walikuwa tayari kutoa, na vikombe wamekaa navyo dakika tu. Mpwa wangu anaona kwamba binadamu tunakosea hesabu, kitu kikishakuwa chako unakipandishia bei.

Nimelifikiria sana hilo na sikubaliani naye lote. Kwenye kikombe sawa, kikombe cha leo hakijakupa kitu. Lakini ile cherehani ukimwekea bei mtu mwingine ananunua chuma, mbao na mkanda, na hivyo vyote nakubali havifiki laki nne. Mimi ninachokataa kuuza hakimo kwenye mauzo, jamaa hata akiichukua hawezi kuondoka nacho. Kiganja cha mama kwake ni rangi iliyofutika, atapeleka kwa fundi akapige rangi. Kwa hiyo sioni kama nimekosea hesabu, tunahesabu vitu viwili tofauti. Na nilimwelewa mama na bisibisi yake kwenye maji, nikiwa nimechelewa miaka kumi na zaidi. Haikuwa chuma kwake, ndicho kilichotusomesha.

Turudi kwenye ule mlio wa kugonga, "tak". Siku ya kuichukua mzee aliikanyaga mbele yangu, ikaenda laini, na tak ikawepo. Akasimamisha. "Umesikia?" Akanionyesha kile kijiti kinachounganisha kanyagio na gurudumu, pale kinapoungana pamelika, pana nafasi kidogo, ndo kinagonga. "Hapa kwa elfu tano nakutolea, itanyamaza kabisa. Sikuitoa kwa sababu hukuichora, na hukuichora kwa sababu sauti haichoreki. Ndo nakuuliza." Nikamuuliza mzee ikibaki itaharibu kichwa? Akasema hapana, itaendelea kula hicho kijiti tu, kikiisha njoo nikuwekee kingine, vinapatikana.

Nikamwambia iache.

Akanipa kitambaa chakavu nikashone mwenyewe. Sijui kushona vizuri, mstari wangu ulikwenda kama nyoka, ila miguu ilikumbuka, nilikuwa nakanyagia mama nikiwa mdogo yeye akiwa amechoka miguu. Trrr tak. Nilishona kile kitambaa mpaka kikaisha, na wateja wawili wamesimama wanasubiri, mzee hakunikatisha.

Sasa kilichonikera, maana nimesema nasema yote. Aliniambia siku kumi, zilikuwa wiki tano. Simu hapokei, au anapokea kijana anasema mzee katoka, mara tatu nimetoka Tabata bure. Risiti hakuna, kila kitu mdomo, mimi nilikuwa naandika kwenye simu na kumwonyesha akubali, fanyeni hivyo. Kirikuu haiwezi kusimama pale mchana, tulibeba meza kwa mkono kutoka barabara kubwa na msongamano wa Kariakoo mnaujua, nendeni Jumapili asubuhi au peleka kichwa peke yake, kinafunguka kwa skrubu na mtu mmoja anakibeba kwenye bajaji. Na ile rangi ya silva kwenye stendi nilimwomba aitoe, akakataa, akasema akiisugua atafika kwenye chuma na itapata kutu, niiache ichakae yenyewe. Sikufurahi ila nadhani yuko sahihi.

Gharama, kufungua, kusafisha na kurekebisha 35,000, mkanda wa ngozi 10,000, bobini kesi iliyotumika 8,000, pakiti ya sindano 2,000, jumla 55,000. Kirikuu kwenda na kurudi ilinila 40,000, hiyo ni juu yako unakotoka. Ukilinganisha na kununua mpya ni nafuu sana, na ukitaka cherehani ya biashara ya kushona siku nzima mwenyewe atakushauri ununue Butterfly mpya, hatakudanganya, alinishauri hivyo hivyo dada mmoja mbele yangu.

Nampa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya zile safari tatu za bure, na ningekuwa na haraka ya kazi ningekata mbili.

Sharti la shangazi linatekelezwa. Nimeshashona pazia la jikoni, mifuko miwili ya mito, na sasa hivi nafumua kola ya shati la mume wangu kwa wembe nione kama nakumbuka inavyogeuzwa. Mkanda mpya wa ngozi unalegea baada ya wiki mbili tatu, ni kawaida, unatakiwa urudishwe ukatwe kidogo, na hiyo hatozi. Wangu umeanza kuteleza tangu juzi, nikikanyaga kwa nguvu gurudumu linabaki nyuma. Jumapili naenda, mwenye swali la kumuuliza mzee aniandikie kabla ya Jumamosi jioni.